Mkono wa Kulia Kwanza: Hotel California kwa Kinu na Mchi

Ukitaka kujua kama mtu anaweza kupiga Hotel California, usimtazame mkono wa kushoto. Kila anayejifunza gitaa hapa chuoni anakimbilia kushoto: vidole viwekwe wapi, kodi ipi inafuata ipi (kodi za gitaa, siyo za TRA). Anapakua karatasi ya kodi kwa bando lake, anaikariri kama anavyokariri notsi za UE, na baada ya wiki mbili anapiga kitu chenye kodi zote sahihi ambacho bado siyo wimbo ule. Kilichokosekana kipo mkono wa kulia, na karatasi haikiandiki.

Wimbo wenyewe ni wa Eagles, bendi ya roki ya Marekani. Umo kwenye albamu ya jina hilohilo iliyotoka mwishoni mwa 1976, ukatolewa peke yake mwanzoni mwa 1977. Muziki ulianza kwa mpiga gitaa Don Felder, na kabla haujapata maneno wenzake waliuita "Mexican Reggae". Jina lilikuwa la muda tu, lakini halikukosea. Wengi wetu tumeusikia kwa bendi za hotelini tukauweka kwenye fungu la nyimbo za wazungu za taratibu. Usikilize tena, safari hii achana na mwimbaji, fuata gitaa linalosindikiza. Kuna mkato mfupi unaoingia katikati ya mapigo. Huo ni rege, na mtu aliyekua akimsikiliza Bob Marley, au Justin Kalikawe wa Bukoba, anautambua hata kama jina la bendi halijui.

Haya nayaandika kwa sababu nimeufundisha wimbo huu Mzenga, wilayani Kisarawe, nilipokuwa TP. Gitaa lilikuwa moja, langu, la nyuzi za chuma. Wanafunzi walikuwa sita, muda ni jioni baada ya vipindi, na zilibaki wiki nne kabla ya mahafali ya kidato cha nne. Walitaka wimbo mmoja ambao wangeupiga wenyewe badala ya kukodi spika na kuweka flashi. Kama wiki nne zingeisha bila wimbo, flashi ingerudi, na nadhani gitaa lingerudi kuwa kitu cha kutazamwa kwenye simu.

Tuanze na kushoto tukumalize haraka. Kwenye rekodi, beti inazunguka kodi nane: Bm, F#, A, E, G, D, Em, F#. Kila moja inakaa mapigo manne, kisha mzunguko unarudi. Mapigo ni kama 75 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mzima haufiki nusu dakika. Bm na F# ndizo zinazowakimbiza watu, kwani kidole cha shahada lazima kilale juu ya nyuzi na kuzibana zote kwa pamoja. Mtoto wa miaka 15 akianzia hapo, siku ya pili haji.

Dawa ni kapo. Ni kibanio kinachofungwa shingoni mwa gitaa ili kifanye kazi ya kile kidole cha shahada. Ukiifunga freti ya 7, kodi zilezile zinageuka kuwa Em, B7, D, A, C, G, Am, B7, ambazo anayeanza anaziweza ndani ya wiki. Siyo ujanja wa wavivu. Felder mwenyewe hupiga utangulizi akiwa na kapo freti hiyohiyo. Sisi hatukuwa nayo. Fundi baiskeli mmoja pale kijijini alitukatia ukanda wa tyubu, tukaweka penseli juu ya nyuzi na kuikaza kwa ule mpira kwa nyuma ya shingo. Inabana vizuri kuliko vile ungedhani. Ila gitaa la bei ya chini nyuzi zake huwa juu sana ya ubao, na ukibana freti ya 7 sauti zinapanda kidogo, kwa hiyo rekebisha sauti za nyuzi baada ya kufunga penseli, siyo kabla. Wenye sauti nene washushe kapo hadi freti ya 2, au waitoe kabisa. Wimbo utashuka, maumbo ya vidole yanabaki yaleyale.

Kiitikio kinaanzia C na hakileti kodi yoyote mpya. Kushoto kumekwisha.

Sasa kulia. Hesabu: moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na. Kwenye namba mkono unashuka, kwenye "na" unapanda. Anayetoka kwenye nyimbo za kwaya atagonga nyuzi kila anaposhuka, maana ndivyo tulivyozoea: pigo zito lipo kwenye namba. Kwenye rege mkono unashuka bila kugusa kitu. Unapita hewani. Unapopanda ndipo unazigusa nyuzi tatu nyembamba, kwa ufupi, halafu unazinyamazisha. Namba zipo ila hazisikiki kwenye gitaa. Umeziachia ngoma na besi.

Nilieleza hivyo siku tatu nzima. Nilichora ubaoni. Nilitumia maneno yote tunayofundishwa kwenye kozi za mbinu, nikaandaa hadi andalio la somo (ndiyo, la gitaa). Wale sita walinitazama kwa heshima. Fundi baiskeli aliyekuwa anapita akasimama, akasikiliza kidogo, akasema: "Mwalimu, hiyo si kutwanga kwa watu wawili?"

Anayejua kisamvu kinavyotwangwa ameshaelewa. Kinu kimoja, michi miwili, watu wawili wanapokezana. Mchi wako ukiwa chini wa mwenzako uko juu, na ukikosea nafasi mnagongana. Kila mtu ana nusu yake ya mdundo, na hiyo nusu ya kunyamaza ina urefu wake kamili, huwezi kuifupisha. Jioni ile hatukugusa gitaa. Wawili walitwanga, wanne wakapiga makofi kwa kumfuata mchi wa pili peke yake. Kisha mchi wa kwanza ukaondolewa na wa pili ukabaki kwenye nafasi yake uleule. Hapo ndipo rege ilipoingia, bila mimi kuongeza neno.

Kwenye darasa la ualimu tunaimba kila siku kwamba somo litoke kwenye linalojulikana liende kwenye lisilojulikana. Tatizo ni kwamba tukifika shuleni tunadhani linalojulikana ni lile lililofundishwa kipindi kilichopita. Wale watoto walikuwa wamebeba mdundo huu tangu wadogo, jikoni kwao na kwenye mdundiko wa harusi za Kizaramo, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba huo nao ni ujuzi unaohesabika darasani.

Aliyeupata kwanza alikuwa binti wa kidato cha tatu. Kwenye vipindi vyangu vya Jiografia hakuwahi kunyoosha mkono. Alikuja jioni kwa kumsindikiza rafiki yake, na aliposhika gitaa mmoja wa wavulana alisema hilo ni la wanaume, kwaya zote wanapiga kaka. Hakumjibu. Mkono wake wa kulia ulienda chini na juu kama saa, na mikato ikatoka pale inapotakiwa, wakati yule kaka bado anagonga kwenye namba. Kushoto alikuwa hajui hata Em. Nilimwekea vidole mimi, kodi baada ya kodi, yeye akawa anaendesha kulia tu. Tulimpa nafasi ya rithim siku ileile.

Kuna jambo moja ambalo kapo inalificha, na ni vizuri ulijue mapema. Mkato wa rege lazima ufe haraka. Kwenye kodi ya kubana kwa kidole kizima, kuua sauti ni rahisi: unalegeza kiganja cha kushoto kidogo bila kuviinua vidole, nyuzi zote zinanyamaza. Kwenye Em au G za kapo, nyuzi kadhaa zinalia wazi, hazina kidole juu yake, kwa hiyo hata ukilegeza zinaendelea kulia. Suluhisho ni kulaza ukingo wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi mara baada ya mkato, au kuziangushia kidole kidogo cha kushoto. Ndiyo maana nashauri kapo iwe ya mwezi wa kwanza tu. Baadaye rudi kwenye Bm na F# za kubana, zote mbili freti ya 2. Vidole vitauma, ila mkato utakuwa mkavu kama unavyotakiwa.

Siku ya mahafali waliupiga. Binti kwenye rithim, wawili kwenye ngoma na kayamba, mmoja akagonga besi kwenye ndoo, wengine wakaimba. Kodi ya B7 ilikosewa mara mbili na wazazi hawakujua. Mdundo haukuyumba hata mara moja.

Kilichobaki ni solo ya mwishoni, ile ambayo Felder na Joe Walsh wanajibizana. Hiyo haipigwi na gitaa moja. Langu nimeliacha Mzenga, kwenye kabati la maabara, na binti ndiye anayetunza ufunguo pamoja na mwalimu wa zamu. Wiki iliyopita alinitumia sauti kwenye simu: tayari anapiga Bm ya kubana, safi, anauliza solo inaanzaje. Najua humu hosteli kuna magitaa yaliyolala chini ya vitanda tangu mwaka wa kwanza. Mwenye moja asiyelitumia aniletee, hata kama limebaki na nyuzi nne. Nyingine tutanunua bumu likitoka.