Huli Nyama, Maziwa Yanakusumbua? Misuli Utaijenga Tu



Kila shule haimkosi kijana mmoja wa miraba minne. Jioni, makopo yaliyojazwa zege yanapotolewa nyuma ya bweni, yeye ndiye mwalimu, na somo lake ni lile lile: "Kula nyama, piga maziwa, gonga mayai. Bila hivyo, bwana, utabaki mwembamba kama uzi."

Sasa wewe je? Labda imani ya nyumbani kwenu hairuhusu nyama. Labda ukinywa maziwa tumbo linaunguruma na unaanza safari za chooni. Labda ukila yai midomo inavimba. Au huna matatizo yote hayo, ila bwenini ni ugali na maharage, Jumatatu mpaka Jumapili.

Wengine hukata tamaa. Wengine hukimbilia vidonge na sindano, na hapo ndipo balaa linapoanza. Somo letu la leo ni lako wewe, kaka au dada, unayeanza mazoezi ya nguvu huku kuna chakula ambacho hukili.

MISULI HUJENGWAJE?

Unapopiga pushapu, unapochuchumaa na kusimama na mzigo, au unapojivuta kwenye tawi la mti, nyuzi za misuli zinafanya kazi kubwa kuliko zilivyozoea. Baadaye, ukiwa umepumzika na kulala, mwili unazikarabati nyuzi hizo na kuziongezea unene.

Fikiria ujenzi wa nyumba. Zoezi ni amri ya kuanza kujenga. Protini ndiyo matofali. Mafundi nao lazima wale, na chakula chao ni wanga na mafuta: ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi, karanga. Ukila kidogo, hata kama una matofali, mwili utaichukua protini na kuichoma kama kuni ili upate nguvu za siku. Ujenzi unasimama. Vijana wengi wembamba wanaolalamika kwamba mazoezi hayawasaidii wana tatizo hili hili: msosi wao hautoshi.

Je, protini kiasi gani? Kijana wa umri wako asiyefanya mazoezi mazito anahitaji kama gramu 0.85 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayeanza mazoezi ya nguvu apate gramu 1.2 hadi 1.6. Kwa hiyo ukiwa na kilo 50, lengo lako ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Ukizidisha sana hupati misuli zaidi. Ziada inatumika kama nishati au inawekwa akiba kama mafuta.

KANUNI YA LEO: UKITOA, WEKA

Kukosa chakula kimoja hakukuzuii kujenga mwili. Kosa ni kukitoa halafu usiweke kingine cha kufanya kazi yake. Tuone moja moja.

Maziwa yanakuchafua tumbo. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kuivunja, lakini kwa watu wengi kimeng'enya hicho hupungua wanapokua. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo, kwa hiyo usijione mgonjwa. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walitangaza kwamba watu wengi wa jamii za wafugaji Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko katika vinasaba yanayowawezesha kuyamudu maziwa hata ukubwani. Ndiyo maana rafiki yako aliyekulia kwenye ng'ombe anabugia lita nzima na hasikii kitu, nawe glasi moja tu inakukimbiza. Jaribu mtindi kidogo kidogo, kwa sababu bakteria wake wameshaipunguza laktosi. Ukishindwa, acha. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina protini kama gramu 8. Konzi moja kubwa ya karanga inakupa kiasi hicho hicho.

Huli nyama. Hapa ndipo watu wanapotishwa zaidi. Kendrick Farris, Mmarekani mnyanyua vyuma, alishindana kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa hali nyama, samaki, mayai wala maziwa. Siri iko kwenye mchanganyiko. Protini imeundwa na vipande viitwavyo amino asidi. Mahindi yana upungufu wa kipande kiitwacho laisini, na maharage yanacho tele. Maharage yana upungufu wa methionini, na mahindi yanayo ya kutosha. Vikikutana, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini makande waliyapika! Ugali kwa maharage, wali kwa choroko, chapati kwa dengu: yote ni mchanganyiko huo huo. Si lazima viwe kwenye sahani moja, mradi uvipate ndani ya siku.

Mayai, samaki au karanga vinakudhuru. Hii ni aleji, yaani mzio, nayo si sawa na tumbo la maziwa. Ukivimba midomo, ukitoka vipele au ukibanwa pumzi baada ya kula kitu, usikijaribu tena, hata kidogo, na umweleze mwalimu na wenzako. Kubanwa pumzi ni safari ya hospitali hapo hapo. Kama adui yako ni karanga, chukua kunde, ufuta au mbegu za maboga badala yake, ikiwa hivyo havikudhuru. Kama ni mayai, chukua dagaa au maharage.

Huli kabisa kitu chochote kitokacho kwa mnyama. Jambo moja usilipuuze: vitamini B12. Mimea haikupi kiasi cha kutegemea. Ukiikosa kwa muda mrefu unapata upungufu wa damu, na mishipa ya fahamu inaharibika. Nenda kituo cha afya uulize kuhusu vidonge vya B12. Nyinyi mnaokula mayai, maziwa au samaki mara kwa mara mko salama zaidi.

MATOFALI YAKO WAPI?

Hizi ni hesabu za kukadiria. Zinakutosha kupanga siku yako:

Maharage makavu, gramu 100: protini kama gramu 22. Kunde, choroko na dengu hazipishani nayo sana.
Maharage yaliyopikwa, kikombe kimoja: kama gramu 15.
Soya kavu, gramu 100: kama gramu 36.
Karanga, konzi kubwa ya gramu 30: kama gramu 8.
Dagaa wakavu, gramu 100: zaidi ya gramu 50.
Yai moja: kama gramu 6.
Unga wa dona, gramu 100: kama gramu 8.

SIKU MOJA BWENINI

Tuseme una kilo 50, huli nyama na maziwa huyawezi. Asubuhi, uji wa dona uliotiwa konzi ya karanga zilizosagwa: gramu 12. Mchana, ugali wa unga gramu 200 na kikombe cha maharage: gramu 31. Jioni baada ya mazoezi, konzi nyingine ya karanga na ndizi mbili: gramu 10. Usiku, wali wa mchele gramu 100 na kikombe cha kunde: gramu 22. Jumla ni gramu 75. Umefika, na hakuna kopo la unga wa dukani lililofunguliwa!

Ongeza mboga za majani, na kipande cha chungwa, pera au limau wakati wa kula. Vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Dada zangu, hili linawahusu zaidi, maana kila mwezi mnapoteza damu. Chai nayo inazuia chuma kisifyonzwe, kwa hiyo inywe saa moja baada ya chakula.

"Maharage yananijaza gesi!" Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Kwanza yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, kwa kuwa maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha. Karanga zenye ukungu tupa, zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo inaharibu ini.

Fanya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, ukiacha siku ya kupumzika katikati. Lala saa 8 hadi 10. Pima uzito mara moja kwa wiki mbili. Ukiongezeka nusu kilo hadi kilo moja kwa mwezi, unakwenda vizuri.

NJIA YA MKATO INAKUPELEKA WAPI?

Ule unga wa protini kwenye makopo hauna uchawi. Mwingi umetokana na maziwa au soya. Kama maziwa yanakusumbua, unaweza kununua kwa bei mbaya tatizo lile lile ulilokuwa unalikimbia.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kichochoroni ni jambo jingine. Baadhi ni deksamethasoni, dawa halisi ya hospitali. Uso unajaa mafuta na maji, watu wanakusifu, kumbe misuli ya mikono na mapaja inaliwa. Shinikizo la damu na sukari vinaweza kupanda. Na aliyezimeza kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya, kwa hiyo kama umeshaanza, nenda kwa daktari ukamweleze ukweli. Hatakucheka.

Sindano za homoni za kiume, yaani steroidi, zinakuza misuli kweli. Lakini kwa kijana anayekua zinaweza kufunga mifupa mapema, urefu ukaishia hapo. Korodani zinasinyaa. Kwa msichana sauti inakuwa nzito, na huenda isirudi. Mkichangia sindano, mnaweza kuambukizana Virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Kifua cha miezi mitatu kisikugharimu maisha.

Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo, aonane na daktari kabla ya kubadili mlo.

JIPIME

1. Una kilo 60 na umeanza mazoezi ya nguvu. Unahitaji protini kiasi gani kwa siku?
2. Kwa nini makande yanashinda mahindi matupu?
3. Rafiki yako akila dagaa anabanwa pumzi. Je, ajizoeze kidogo kidogo?
4. Unakula protini ya kutosha lakini ugali unaacha nusu. Nini kitatokea?

Majibu: 1. Gramu 72 hadi 96. 2. Maharage yanaziba upungufu wa laisini ulio kwenye mahindi. 3. Hapana! Aache kabisa, na aende hospitali. 4. Mwili utachoma protini kama kuni.

Ukimaliza, mpelekee kiranja wa chakula ukurasa huu. Konzi ya karanga kwenye sufuria ya uji inaweza kujengwa na shule nzima kwa kuchangiana, na huo ni mjadala mzuri wa baraza la wanafunzi.