Somo la Mwandiko: Kalamu ya Nibu Kali na Jinsi ya Kujizoeza

Wasomaji wetu, katika kurasa hizi mmezoea kupata habari za kilimo, za mifugo na za usafi wa nyumba. Leo twawaletea somo la namna nyingine, nalo ni mwandiko wa kalamu ya nibu kali, ile ifanyayo mstari mwembamba ikipanda na mstari mnene ikishuka. Zamani mwandiko huu ulikuwa kazi ya makarani na waalimu. Tangu bolpeni na mashine za kuandikia zilipoenea, umebaki kuwa kazi ya saa za mapumziko, afanyayo mtu kwa kupenda. Walakini mtu asidhani kuwa ni kupoteza wakati. Huutuliza moyo, huufundisha mkono utii, tena hufundisha jambo moja ambalo sisi wenyewe tulilijua kwa aibu, kama tutakavyoeleza mbele.

ASILI YAKE

Kwanza yafaa tujue tofauti ya kalamu na kalamu. Neno letu "kalamu" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni utete. Waandishi wa herufi za Kiarabu huukata utete hanamu, ncha yake ikawa pana, na unene wa mstari hutokana na upana wa ncha hiyo na upande ilikoelekezwa. Pwani yetu ilikuwa na mabingwa wa herufi hizo. Mmoja wao ni Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alisifika kwa kunakili tenzi na kwa kuchonga mbao.

Kalamu ya somo letu ni mbali na hiyo. Ncha yake haina upana, bali ni kali kama mwiba, nayo imepasuliwa katikati ikawa na ndimi mbili. Mwandishi akiigandamiza, ndimi hufunguka na wino hushuka mwingi. Akiupunguza uzito wa mkono, ndimi hufungana na mstari huwa kama uzi. Basi unene wote watoka katika mkono wa mwandishi. Kalamu haimsaidii, wala haimfichi.

Huko Uingereza mwandiko huu ulistawi sana katika karne ya 18, wakati biashara ilipohitaji makarani wenye mkono mwepesi unaosomeka. George Bickham, mchonga nakshi, alikusanya kazi za waandishi 25, akazichonga katika mabamba ya shaba, akazichapa sehemu kwa sehemu tangu mwaka 1733 hata 1741 katika kitabu kiitwacho The Universal Penman. Hata leo wenye lugha hiyo huuita mwandiko huu kwa jina la bamba la shaba. Siku zile waliandika kwa unyoya wa bata bukini uliochongwa ncha. Nibu za chuma cha pua zilienea katika karne ya 19, viwanda vya Birmingham vilipozitengeneza kwa mashine. Joseph Gillott (1799-1872) alikuwa mmoja wa wenye viwanda hivyo waliojulikana sana.

Huko Marekani mwalimu mmoja, Platt Rogers Spencer (1800-1864), alibuni mwandiko mwepesi zaidi, usio na wino mzito mahali pengi. Wasomaji wengi wameuona mwandiko wa jamii hiyo bila kuujua jina. Jina la Coca-Cola lililopakwa katika kuta za maduka yetu liliandikwa kwanza na Frank Robinson, karani wa hesabu wa yule mtengenezaji wa dawa wa Atlanta aliyekitunga kinywaji hicho mwaka 1886. Mtu na aitazame herufi C, aone inavyoanza nyembamba, ikanenepa, ikarudi kuwa nyembamba. Hiyo ni kazi ya karani.

VYOMBO

Vyombo ni vichache: nibu, mpini wake, wino, karatasi laini, rula na kitambaa. Nibu mpya hupakwa mafuta kiwandani isishike kutu, na mafuta hayo huukimbiza wino kama maji juu ya jani la mgimbi. Kwa hiyo kabla ya kuitumia, ioshe kwa maji ya sabuni na kuifuta, au ichome ndani ya kiazi kibichi kwa dakika chache, kisha uifute.

Wino wa zamani ulitengenezwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Ukitoka kalamuni huwa hafifu, kisha hukolea weusi kwa nguvu ya hewa. Ni wino mzuri, lakini hula chuma. Ndiyo sababu nibu haina budi kufutwa mara kwa mara na kuoshwa kazi ikiisha. Wino wa kalamu za kujaza aghalabu ni mwepesi mno na hudondoka. Matone machache ya maji ya gundi ya mgunga huuzuia. Chovya nibu hata tundu lake lifunikwe, kisha uiguse kingo ya kidau ili ziada irudi.

Karatasi ijaribiwe kwa mstari mmoja mwembamba. Mstari ukiota ndevu, karatasi hiyo hunywa wino, haifai. Na asiyepata nibu asikate tamaa. Aanze kwa kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri, kwa kuwa umbo la herufi, mlalo wake na nafasi zake vyaweza kujifunzwa vyote kabla ya kugusa wino.

KUPIGA MISTARI

Herufi za mwandiko huu hulala mshazari kwa pembe ya digrii 55 kutoka mstari wa chini. Asiye na chombo cha kupimia pembe afanye hivi: katika mstari wa chini apime sentimeta 7 kwenda kulia, kutoka hapo apime sentimeta 10 kwenda juu wima, kisha aunganishe mwanzo na mwisho. Mstari huo ndio mlalo wake. Apige mingine mingi sambamba nao kwa kalamu ya risasi, katika karatasi nzima.

Kwa anayeanza, kimo cha herufi ndogo kama a na n kiwe milimeta 6. Herufi zenye shingo, kama l na h, zipande milimeta 9 zaidi juu yake, na zenye mkia, kama g na j, zishuke milimeta 9 chini. Ukipenda kuandika kubwa au ndogo zaidi, shika hesabu ile ile ya 3, 2 na 3. Karatasi na iinamishwe hata mistari ya mshazari ielekee kifuani, ili nibu ifuate mlalo na ndimi zote mbili zibebe uzito sawa. Ulimi mmoja ukilemewa, ukingo wa mstari hukwaruzika. Kwa ajili hiyo wengi watumiao mkono wa kulia hupenda mpini wenye shingo ya pembeni. Watu wa shoto aghalabu hutoshelezwa na mpini ulionyoka.

VIPANDE VINANE

Mwanafunzi mwenye haraka huanza kwa kuandika jina lake. Hilo ndilo kosa la kwanza. Herufi hujengwa kwa vipande kama nyumba ijengwavyo kwa nguzo na fito, na vipande vya herufi ndogo vipo vinane: uzi mwembamba upandao; mstari mnene ushukao; mstari unaopinda chini; mstari unaopinda juu; mstari unaopinda juu na chini; umbo la yai; kitanzi cha juu; na kitanzi cha chini. Herufi u ni mipindo miwili ya chini. Herufi n ni mpindo wa juu na mpindo wa pande mbili. Herufi a ni yai na mpindo wa chini. Herufi g ni yai na kitanzi cha chini.

Tena kuna siri ambayo wengi hawaambiwi: kalamu huinuliwa. Mwandiko huu huonekana kama umemiminika kwa pumzi moja, kumbe mwandishi husimama baada ya kipande, huinua nibu, hupumua, ndipo huendelea. Mwenda pole hajikwai.

Kila kipande kijaze mistari miwili au mitatu kabla ya kwenda kingine. Baadaye andika "nunua", kwa kuwa neno hilo limejengwa kwa mipindo na yai tu, kisha "umoja", upate na kitanzi cha chini. Dakika 20 kila siku zafaa kuliko saa tatu za Jumamosi, maana mkono uliochoka hujifundisha makosa.

KUJISAHIHISHA

Asiye na mwalimu hana budi kuwa mwalimu wa nafsi yake, nayo ni kazi ngumu, kwa kuwa jicho humpendelea mwenyewe. Sisi hutumia njia tatu. Ya kwanza ni kuigeuza karatasi juu chini. Neno likiacha kuwa neno, kombo zake huonekana. Ya pili ni kupitisha mstari wa risasi katikati ya kila mstari mnene, na kutazama kama yote ni sambamba. Ya tatu ni kuandika tarehe katika kila karatasi, kuchagua kosa moja tu, na kesho yake kulipiga vita hilo peke yake. Anayefukuza makosa kumi kwa siku moja hakamati hata moja.

AIBU YETU

Sasa tutimize ahadi yetu. Mwaka mmoja shule fulani ilituomba tuandike majina ya watoto katika vyeti vya kumaliza masomo. Tulifurahi sana, maana tulikuwa tumejizoeza miezi michache tu na twatamani kusifiwa. Herufi ndogo hatukuwa tumezimiliki bado, lakini herufi kubwa tulizivika madoido, mikia ikizunguka huku na huku. Watu walivitazama vyeti vile wakasema, "Uzuri ulioje!" Nasi tukavimba kichwa.

Kisha akaja mama mmoja, mtu mzima, asomaye vizuri. Alikishika cheti kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda, akatuambia kwa adabu, "Bwana karani, mimi nilizaa Tatu. Huyu Fatu ni mtoto wa nani?"

Tukatazama, tukakosa la kusema. Katika mwandiko huu herufi T na herufi F kubwa zina nguzo moja na paa moja. Tofauti yao ni kijiti kidogo tu cha katikati. Mkia wetu wa madoido ulikuwa umepita mahali pale pale pa kijiti, na T ikawa F. Tulimwomba mama yule radhi. Lakini cheti hakifutwi, na ilibidi kingine kiombwe. Siku 11 mama yule alikaa na hofu, asije binti yake akaambiwa katika shule aendako kwamba cheti si chake. Kilipofika, tulikiandika upya bila mkia hata mmoja. Mama alikisoma mara moja, akakikunja, akaenda zake. Hakusema kuwa ni kizuri, wala hatukumwuliza.

Wasomaji wetu, tangu siku ile twalishika neno hili, nasi twalikabidhi kwa waalimu, kwa wazee wa mabaraza na kwa kila apendaye kalamu: jina la mtu ni amana. Madoido yaje mwisho, tena yaje kwa kiasi, mahali ambapo hayatageuza herufi. Ukimaliza kuandika, mpe mtu mwingine asome kwa sauti, wala usimwambie kwanza ulichoandika. Akisita, rudia. Akisoma bila kusita, ndipo utazame kama ni kuzuri pia. Vipande vinane vikikaa mkononi, uzuri huja wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.