Kumshika Mtu Si Kumhukumu

Wako wasomaji watakaotuuliza: yatuhusu nini sisi watu wa pwani mambo ya Kisii na Nyamira, nchi ya milima, migomba na majani ya chai, iliyo mbali kule upande wa Ziwa? Twawaomba wasubiri mpaka mwisho wa somo, kwani maradhi tutakayoyaeleza yako kwetu pia, na huenda yako karibu zaidi kuliko tudhanivyo.

Mwezi wa Mei mwaka 2008, kundi la watu huko Kisii lilipita nyumba kwa nyumba, likawatoa waliotajwa kuwa ni wachawi, likawateketeza kwa moto. Waliokufa walikuwa 11, wengi wao wakongwe. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, Kisii hiyo hiyo, wanawake 4 watu wazima waliuawa kwa tuhuma ya kumroga kijana mmoja. Wala haya hayakuanza mwaka 2008. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilikwisha kuona uchomaji kama huu katika nchi ya Wagusii. Mchawi kwa lugha yao ni omorogi, neno lililo ndugu wa mrogi wetu. Kwa neno hilo tu msomaji ataona kwamba hatuzungumzi habari za wageni.

Mtu akisikia habari hizi, la kwanza kuuliza ni: polisi walikuwa wapi? Ni swali la haki, nasi tutalirudia. Lakini liko swali lililo kabla yake, nalo ni: majirani walikuwa wapi? Kundi halikuota katika ardhi usiku ule. Jina la mzee hutajwa kwanza kisimani, kisha sokoni, kisha katika matanga ya mtoto aliyekufa kwa homa. Hutajwa wiki na miezi. Wote husikia, na kila mmoja hunyamaza kwa kuogopa kwamba akisema neno la kumtetea, jina litakalofuata litakuwa lake.

Basi tufahamu kwanza sheria ya nchi yasemaje, kwani wengi hudhani kwamba mwananchi hana ruhusa ya kumshika mhalifu, na wengine hudhani kwamba ana ruhusa ya kumfanya apendavyo. Wote wawili wamekosea. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai yamruhusu mtu yeyote kumkamata aliyemwona kwa macho yake akitenda kosa kubwa. Lakini yamlazimisha amkabidhi kwa polisi pasi na kuchelewa. Ruhusa yake imekomea hapo. Naye polisi mamlaka yake yana mpaka. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, yamtaka amfikishe mshikwa mbele ya mahakama kabla ya kupita saa 24, ila ikiwa siku si ya kazi. Na mpaka hapo ahisabiwe hana hatia. Hivyo mmoja hushika, mwingine hupeleleza, wa tatu huhukumu, na wa nne hutekeleza hukumu. Mikono minne imewekwa makusudi, ili hasira ya mkono mmoja isitoshe kuitoa roho ya mtu.

Ama uchawi, iko Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1925, nayo yamwadhibu mwenye kumwita mwenziwe mchawi. Hata hivyo imeacha mlango: mwenye tuhuma aipeleke kwa polisi, au kwa chifu, au kwa mwenye madaraka mwingine, naye hatakuwa na kosa kwa kupeleka. Jambo la kusikitisha ni kwamba sheria ya miaka mia ni ngeni masikioni mwa walio wengi, na uvumi wa jana waujua kila mtoto.

Mtu aweza kusema: polisi ni wachache, milima ni mirefu, mvua ikinyesha barabara huwa tope, je, watu wasijilinde? Wagusii walikwisha kulijibu swali hili kwa vitendo, na jawabu lao lina mafunzo makubwa. Walikuwa nao Chinkororo, vijana wa kuilinda mipaka na mifugo. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, likaja jina la Sungusungu, lililotoka Tanzania, ambako Wasukuma na Wanyamwezi walijikusanya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwazuia wezi wa ng'ombe. Kisii wengi walishukuru. Walisema sasa twalala. Lakini mlinzi asiyekuwa na wa kumkabidhia mshikwa wake, au asiyetaka kumkabidhi, hawezi kubaki mlinzi. Alianza kwa kupiga doria, akaingia katika kuhoji, akahukumu, kisha akaua. Na mwenye deni au ugomvi wa shamba akajua pa kwenda kumshitakia adui yake. Mwezi wa Oktoba 2010 serikali ilipoyapiga marufuku makundi 33 ya nchi nzima, Sungusungu na Chinkororo yalikuwamo.

Wanavyuoni wa zamani waliiona hatari hii. Al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 1058, alipoeleza kazi ya muhtasib, yule msimamizi wa masoko na njia, alimpa nguvu juu ya maovu yaliyo dhahiri, wala hakumpa ruhusa ya kupeleleza siri za watu. Na jambo ambalo mdai na mdaiwa wanakanushana alilirudisha kwa kadhi. Nasi kuamini kwetu kwamba sihiri iko hakumpi yeyote haki ya kumnyooshea kidole bibi wa watu. Iwapo mwenye cheo alifungiwa mlango wa siri, vijana wenye mafuta ya taa na kiberiti waufungue kwa idhini ya nani?

Tukitazama ushahidi, ndipo mtu hustaajabu. Katika habari zilizoandikwa mwaka 2009 wanakijiji wa Kisii walieleza kwamba liliokotwa daftari shuleni, na ndani yake kumbukumbu za mkutano wa wachawi, na majina ya watakaorogwa. (Hatujapata kusikia wachawi wenye katibu.) Daftari kama hilo mtu yeyote aweza kuliandika, na mwenye kuliandika huchagua majina. Tukumbuke kwamba hesabu ya mwaka 2019 ilipata Kisii watu 1,266,860, ambao ni kama watu 958 katika kila kilomita moja ya mraba. Nyamira walikuwa 605,576. Mahali penye msongamano kama huo, mjane mwenye kishamba chake ana warithi wenye kungoja. Hatusemi kila tuhuma ina shamba nyuma yake. Twasema mpelelezi mwema aulize habari za shamba kabla ya kuuliza habari za hirizi.

Sasa turudi kwa polisi, wasije wakadhani tumewasahau. Kifungu cha 244 cha Katiba chawataka waikinge rushwa na wajenge uhusiano mwema na raia, na mwaka 2013 ulianzishwa mpango wa Nyumba Kumi, kila jirani amjue jirani na wapate njia ya kufikisha habari kwa chifu na kituo. Mpango ni mzuri. Lakini habari hufikishwa kwa anayeaminiwa. Mmoja wetu alikwenda kituoni, hatutakitaja, kushitaki kwamba mzee wa mtaani anatishwa. Aliambiwa alete pesa za petroli. Alirudi nyumbani, na walioona akirudi mikono mitupu wakajifunza somo lao. Mwizi anayeachiwa asubuhi kwa fedha, jioni watu humngoja na mawe. Askari anayepokea fedha ile hajui kwamba ametia kuni katika moto atakaoitwa usiku kuuzima, naye atakuwa amechelewa.

Twaliahidi kusema habari zetu. Kilifi, tunayopita kila twendapo Malindi, wazee huuawa kwa tuhuma hizi hizi, na mvi peke yake imekuwa shahada ya uchawi. Huko Ganze pako mahali paitwapo Kaya Godoma, wanapokimbilia wazee waliofukuzwa na wana wao. Mzee aliyelea na kusomesha analala kwa hisani ya wageni, kwa sababu nyumbani kwake hapana aliyethubutu kusema.

Kwa hivyo twamwambia msomaji lililo katika uwezo wake. Jina la mzee likianza kutajwa mtaani, asingoje kundi. Aende yeye na wengine wawili au watatu, kwani mtu mmoja hudharauliwa, wamweleze chifu, kisha waende kituoni. Waeleze nani amesema nini, wapi, na siku gani. Wala wasitoke mpaka habari iandikwe katika kitabu cha matukio, nao wapewe namba yake, ile iitwayo namba ya O.B. Akiombwa pesa, aandike siku, saa na namba ya askari, apeleke malalamiko kwa halmashauri huru ya kusimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Na ikiwa kesi imefika mahakamani, wale waliokwenda kituoni waende tena, wasimame, waseme waliyoyasikia.