Kukanda, Kuchua, Kusinga na Kuumika: Lugha ya Tiba ya Mikono Wiyoni, Lamu

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Darasani methali hii hufundishwa kama wosia wa kutoficha shida. Kwa mama aliyejifungua katika mtaa wa Wiyoni, kisiwani Lamu, maana yake iko karibu zaidi na maneno yenyewe. Katika siku arubaini za uzazi mwili wake utaonwa, utashikwa na kukandwa na mikono ya mwanamke mwingine, na katika kushikwa huko ataulizwa pia habari za moyo wake.

Chukulia mfano ufuatao. Mzazi wa siku kumi amefika zahanati akilalamikia maumivu ya tumbo. Muuguzi, ambaye hakuzaliwa pwani, anauliza amefanyiwa nini nyumbani. Bibi aliyefuatana na mgonjwa anajibu: "Amekandwa, mwanangu." Muuguzi anaandika neno moja katika kadi: masaji. Bibi amesema kweli na muuguzi ameandika kwa nia njema, lakini kadi haielezi kama mzazi alikandwa kwa maji ya moto au kwa mafuta, kama tumbo lilibonyezwa au mgongo tu ndio ulioguswa, wala kama alijifungua kwa upasuaji. Daktari atakayeisoma kadi hiyo atakuwa amekosa habari anayoihitaji.

Makala haya yanachunguza vitenzi vinne vya tiba ya mikono vitumikavyo katika upwa wa Waswahili: kanda, chua, singa na umika. Hoja kuu ni kwamba kila kitenzi kina habari yake juu ya kitumikacho, nguvu ya mkono na lengo la tiba, na kwamba lugha hii haitenganishi mwili na moyo kama yafanyavyo maneno ya kukopa. Mtafsiri au mhudumu wa afya anayevifumba vyote katika neno moja hupoteza maana, na pengine humhatarisha mgonjwa.

2. Mazingira ya lugha hii

Wiyoni ni mtaa wa kisiwa cha Lamu, nje kidogo ya mji mkongwe ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Katika kisiwa hiki mizigo mingi bado huchukuliwa kwa punda, kwa mashua na kwa mabega ya watu. Mvuvi huvuta jarife, hamali hubeba mawe na mchanga, fundi wa jahazi huinama mchana kutwa. Kazi za namna hii huzaa maumivu ya mgongo, mabega na magoti. Na palipo na maumivu huzaliwa tiba na maneno ya kuitaja tiba hiyo.

Maneno hayo yana asili mbili. Vitenzi vya kazi ya mkono vina umbo la Kibantu, ilhali majina ya baadhi ya maradhi na dawa yametoka katika Kiarabu na elimu ya tiba iliyosafiri nacho. Mfano bora ni jina baridi yabisi. Yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kavu. Katika elimu ya tiba iliyoanzia kwa Wayunani na kuendelezwa na wataalamu kama Ibn Sina (980–1037), mwili ulielezwa kwa hali nne: joto, baridi, ukavu na unyevu, na afya ilikuwa mizani kati ya hizo. Ugonjwa wa viungo, basi, ni ubaridi na ukavu uliozidi. Hapo ndipo mantiki ya mkandaji inapodhihirika. Maji ya moto na tangawizi hupingana na baridi. Mafuta ya nazi au ya simsim hupingana na ukavu. Jina la maradhi limeshataja dawa yake. Sayansi ya leo haielezi maradhi ya viungo kwa njia hiyo, lakini mwanafunzi wa lugha hawezi kufahamu mpango wa tiba hii bila kuijua nadharia iliyoiunda.

3. Vitenzi vinne na maana zake

3.1 Kanda. Hiki ndicho kitenzi chenye matumizi mapana zaidi. Unga hukandwa kwa maji mpaka ukashikana. Mwili hukandwa kwa kubonyezwa na kuachiwa, mkono ukienda pole pole. Kitenzi hiki hutumika pia pale kitambaa kilichotiwa katika maji ya moto kinapowekwa juu ya kiungo. Kwa hiyo "kukandwa" kwa mzazi kunaweza kuwa ni kwa maji tu, bila ya mkono kubonyeza popote, au kunaweza kuwa ni mkono na mafuta. Baada ya kukandwa, mzazi hufungwa mkaja, yaani kitambaa kinachozungushwa tumboni. Neno hilohilo hutaja fungu la mali ambalo bwana arusi humpa mama wa mke kwa desturi ya pwani. Lugha imehifadhi katika harusi kumbukumbu ya tumbo lililofungwa siku ya uzazi.

3.2 Chua. Kuchua ni kusugua kwa nguvu, aghalabu kwa mafuta au dawa, na mahali pake ni msuli, kifundo au kiungo kilichokaza. Mchezaji aliyepatwa na mkakamao wa misuli huchuliwa. Tofauti kati ya kanda na chua iko katika mwendo wa mkono: anayekanda hubonyeza, anayechua husugua.

3.3 Singa. Kusinga ni kupaka na kusugua mwili kwa vitu vya manukato, kama liwa na manjano. Mchanganyiko wenyewe huitwa singo, na mwenye kusingwa zaidi ni bibi arusi. Lengo la kwanza ni ngozi na harufu. Hata hivyo, kusinga hufanyika pamoja na mazungumzo: somo humsinga mwari huku akimuusia, na mwari hupata nafasi ya kuuliza asiyoweza kumwuliza mamake.

3.4 Umika. Kuumika ni kuvuta damu au kile kinachoitwa "baridi" kwa pembe au kikombe kilichobandikwa juu ya ngozi. Pembe hiyo huitwa chuku. Kutokana nayo umepatikana msemo wa kupiga chuku, ambao leo wengi huujua kwa maana ya kutia chumvi katika habari. Kama pembe inavyoifanya ngozi ivimbe, ndivyo msimuliaji anavyoivimbisha habari. Katika miaka ya karibuni jina la Kiarabu, hijama, limeenea mijini, na chuku imebaki katika msemo kuliko katika tiba. Hapa neno limesahauliwa na kivuli chake ndicho kinachoishi.

Pembezoni mwa vitenzi hivi vinne kuna vingine vya uchunguzi: papasa, yaani kugusa kwa wepesi ili kutambua, na tomasa, yaani kubonyeza kidogo kwa vidole ili kujua ulaini au uvimbe. Mkandaji hodari hupapasa na kutomasa kabla ya kukanda. Lugha imetenganisha uchunguzi na tiba, kama ifanyavyo hospitali.

4. Mnyambuliko na maadili

Wanafunzi wa mofolojia watanufaika kwa kuichunguza familia ya kitenzi kanda. Katika hali ya kutendwa tunapata kandwa, na katika jina la mtenda, mkandaji. Lakini kutokana na mzizi huohuo tunapata pia kandamiza, yaani kubana kwa uzito, kudhulumu. Mkandaji na mkandamizaji wote wawili huweka mkono juu ya mwili wa mwingine. Kinachowatofautisha ni kiasi cha nguvu, na kama aliyeshikwa ameridhia. Katika lugha ya mitaani, kumkandia mtu ni kumshusha hadhi kwa maneno. Kitenzi chua nacho kimezaa chuana, ambacho kwa asili ni kusuguana na sasa hutumika kwa wanaoshindana kwa karibu, na kutokana nacho jina mchuano.

Mifano hii inafundisha kwamba lugha imeutambua mkono kuwa chombo chenye pande mbili. Ndiyo maana tiba ya mikono imewekewa adabu zake. Kwa desturi, wanawake hukandwa na wanawake na wanaume na wanaume. Sehemu isiyotibiwa hufunikwa. Na yasemwayo wakati wa kukandwa hayatolewi nje. Adabu hizi ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa kuwa mwili usio na amani haulegei.

5. Mwili na moyo

Je, lugha inathibitisha kwamba tiba ya mikono hugusa pia hisia? Ushahidi upo katika vitenzi vya viungo vinavyohamia kwenye moyo bila kubadilika umbo. Mkandaji huukunjua mkono uliojikunja. Mtu mwenye furaha huitwa mkunjufu. Mkandaji huunyoosha mgongo. Mtu wa haki huitwa mnyoofu. Kifua hubanwa na baridi, na hubanwa na huzuni vilevile. Kitenzi poa hutumika kwa chai, kwa maradhi na kwa hasira. Si sitiari za washairi pekee. Ni lugha ya kila siku ya jikoni na barazani.

Kwa hiyo mzazi wa Wiyoni anapokandwa, mambo mawili hufanyika kwa pamoja. Misuli iliyochoka hupata joto, na mama aliyetoka katika uchungu hupata mtu wa kumshika na kumsikiliza. Utafiti wa kitabibu nao umeonyesha kwamba kukandwa kunaweza kupunguza wasiwasi na maumivu ya mgongo kwa muda mfupi. Manufaa hayo si madogo kwa mama asiyepata usingizi. Lakini ni ya muda mfupi, na hayapaswi kupigiwa chuku.

6. Mipaka ya mkono

Kuthamini tiba hii hakumaanishi kuifumbia macho. Yapo mambo ambayo mkono unapaswa kuyaacha. Mfupa unaodhaniwa kuvunjika hauchuliwi. Tumbo la mjamzito halibonyezwi kwa nia ya kumgeuza mtoto. Kidonda cha upasuaji hakikandwi, wala mwenye homa kali au anayetokwa na damu nyingi hasubirishwi nyumbani. Mguu mmoja wa mzazi ukivimba, ukawa na joto na kuuma, usichuliwe, kwani huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa. Donge likisogezwa laweza kufika mapafuni na kuua. Maji ya kukandia yapimwe joto yasije yakaunguza. Anayeumika kwa chale atumie wembe mpya kwa kila mtu, kwa sababu virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B husafiri katika damu.

Moyo nao una mpaka wake. Mzazi akiendelea kuwa na huzuni kwa zaidi ya wiki mbili, au akisema hataki kuishi au hamtaki mtoto, huo unaweza kuwa ugonjwa wa unyogovu, na anahitaji mhudumu wa afya pamoja na mkandaji wake.

Inafaa kukumbuka kwamba hospitali nayo hukanda. Kondo la nyuma likishatoka, mkunga hupapasa tumbo ili kujua kama mji wa uzazi umekaza. Ukiwa laini na damu ikazidi, huusugua kwa mkono huku dawa zikitolewa. Mkunga wa hospitali na mkandaji wa mtaani wanayo, basi, mengi ya kuzungumza, ikiwa wana maneno ya kuzungumzia.

7. Funzo kwa watafsiri na wahudumu

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 ina sehemu inayohusu tiba asilia na tiba mbadala, na Katiba ya mwaka 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Yamkini vitu hivi viwili vitakutana katika fomu, vijitabu na mafunzo ya afya. Mtafsiri atakayeandika "masaji" kila mahali atakuwa ametumia neno linaloeleweka, ila lisilouliza swali lolote. Afadhali fomu iulize: Je, ulikandwa, ulichuliwa au uliumikwa? Kwa maji, kwa mafuta au kwa dawa gani? Wapi mwilini? Maswali matatu kama hayo yangemwezesha muuguzi wa mfano wetu kuandika kadi yenye manufaa, na bibi angeona kwamba elimu yake imeheshimiwa.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msamiati wa tiba ya mikono ni elimu iliyopangika: una vitenzi vya kuchunguza na vya kutibu, una nadharia nyuma yake, na unao mpaka kati ya mkono uponyao na mkono uumizao. Wanaoujua kwa ukamilifu wengi wao ni wanawake wazee, na hawauandiki. Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni kwenda kwao kwa adabu, kusikiliza na kuandika kabla maneno mengine hayajapatwa na yaliyoipata chuku.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha vitenzi kanda, chua na singa kwa kuzingatia kitumikacho, mwendo wa mkono na lengo.
2. Ni vitenzi vipi vingine vya viungo vya mwili vinavyotumika kueleza hali ya moyo katika lahaja uijuayo?
3. Andika maswali matano ambayo mhudumu wa afya angeweza kumwuliza mzazi aliyekandwa nyumbani, bila ya kumvunjia heshima.