Msizi wa Ziwani na Misitu ya Usambara

Ndugu mkulima wa Nansio, mti uitwao msizi huenda unaufahamu. Ni mti wa pande hizi za Ziwa. Waganda huuita musizi, na Wahaya muhumula. Hukua upesi, shina lake hunyooka, na kivuli chake hufaa juu ya kahawa na migomba.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mti huu ulipelekwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. (Usidhani Amani iko juu kuliko kwetu. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na Amani ni karibu mita 900 tu. Lakini milima ile hupata mawingu na mvua itokayo baharini.) Huko msizi ulikuwa mgeni. Matunda yake yakiiva huwa meusi, nayo hondohondo huyapenda mno. Ndege huyo humeza tunda, huruka mbali, kisha huitema kokwa msituni. Penye giza, chini ya miti mikubwa, mche wa msizi haustawi, maana hutaka jua. Lakini magogo yalipokatwa kwa wingi, hasa miaka ya 1970 na 1980, jua likaingia, na msizi ukajaza nafasi zile kabla miti ya asili haijainuka. Mingine katika miti hiyo haipatikani popote duniani ila katika milima ya namna ile. Hifadhi ya Amani iliwekwa mwaka 1997, na msizi bado umo.

Kwetu msizi si mgeni, basi uupande, ila kwa akili. Mashamba ya kisiwani ni madogo. Usiuweke katikati ya muhogo au viazi, mimea itakosa jua. Uweke mpakani au kwenye migomba. Okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama, loweka kokwa katika maji baridi siku 1 hadi 3, kisha uzipande zingali mpya, kwani zikikaa hupoteza nguvu. Huchelewa kuota, pengine miezi kadhaa, kwa hiyo usikifukue kitalu mapema. Mbuzi hula majani yake. Zungushia mche miiba. Mbao zake ni za masanduku na kuni. Usizichimbie ardhini kama nguzo, mchwa watazimaliza.

Na kama una ndugu aliyehamia Muheza, naye akakuomba mbegu za msizi, usimpelekee. Mwambie apande mgrevilea.