Kutaja Namba na Kujua Idadi



Wengi wetu tuna mdogo wetu nyumbani wa miaka mitatu. Anataja moja hadi kumi bila kukosea, nasi tunamsifu. Lakini tukimwambia, "Tupe tende tatu," anachota konzi nzima. Je, ni mzembe? La. Mtoto hukariri namba kwanza kama wimbo. Maana huja hatua kwa hatua: hujua moja, kisha mbili, kisha tatu. Baada ya miezi mingi ndipo hufahamu kuwa neno la mwisho analohesabia ndilo idadi yenyewe.

Hata hivyo akili yake si tupu. Mwaka 1992 mtafiti Karen Wynn wa Marekani alieleza kuwa watoto wa miezi 5 walioona kinyago kimoja kikifichwa, kisha cha pili kikiongezwa, walikodoa macho zaidi pazia lilipofunguliwa kikabaki kimoja tu.

Basi tusimkaripie. Tuhesabu naye vitu anavyovishika.

Zoezi: Mwombe mdogo wako vijiko viwili, kisha vinne. Anakuletea vingapi?