Kutoka Stashahada Hadi Shahada: Basari Kubwa ni Mwaka Unaosamehewa

Kijana wa Awendo au Ndhiwa aliyepata C- kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, haendi chuo kikuu moja kwa moja, kwani shahada hudai C+. Hujiunga na Siala, Mawego au taasisi nyingine ya ufundi inayofundisha kozi ya sayansi anayoitaka, akachukua stashahada, kisha akalenga chuo kikuu cha Rongo, Tom Mboya au Maseno. Njia hiyo ni halali. Sheria ya mwaka 2014 ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo ndiyo msingi wa ngazi tulizo nazo leo: stashahada ni ngazi ya 6, shahada ni ngazi ya 7. Lakini sheria haimlipii mtu karo, na mtoto wa mvuvi au mkulima wa miwa akifika ngazi ya 7 mara nyingi huambiwa aanze mwaka wa kwanza kama mtu ambaye hajawahi kushika bomba la majaribio.

Wewe mzazi, mwalimu, shangazi au mwenyekiti wa chama unayetaka kumsaidia, anzia hapo. Shahada ya sayansi ni miaka 4. Chuo kikikubali kwamba kemia ya msingi, takwimu na biolojia ya seli alishazisoma, kinaweza kumsamehe masomo hayo, pengine hata kumwingiza mwaka wa pili. Huo ni mwaka mzima wa karo, kodi ya chumba na chakula. Sijui basari ya wadi inayokaribia kiasi hicho.

Msamaha wa masomo hauombwi kwa mdomo. Kijana akiwa bado mwaka wa pili wa stashahada, akusanye silabasi ya kila somo inayoonyesha mada na saa za maabara, transkripti za moduli zote, na barua ya mkuu wa idara. Wengi hungoja hadi wamalize, kumbe mwalimu aliyewafundisha kashahamishwa na silabasi haijulikani iko kabati gani. Maombi yaende kwa msajili wa masomo pamoja na fomu ya kujiunga, kabla ya senti ya karo kulipwa. Akishasajiliwa mwaka wa kwanza na karo kupokelewa, hakuna ofisi itakayokuwa na haraka naye. Na jibu liwe la maandishi, lenye majina ya masomo yaliyosamehewa. "Njoo tutaona" si jibu. Ikiwezekana aombe vyuo viwili, kwa maana kila chuo huamua chenyewe, na tofauti ya majibu inaweza kuwa tofauti ya mwaka.

Aangalie pia cheti chake ni cha aina gani. Stashahada ya KNEC, baraza la mitihani la kitaifa, ina daraja, na vyuo vingi huuliza kama umepata kredit. Vyeti vya mfumo mpya wa umahiri, vya TVET CDACC, hupimwa kwa namna nyingine, na karani wa udahili aliyezoea daraja za KNEC anaweza kubaki akivikodolea macho. Swali hilo aulize mapema. Kwa kozi zenye bodi, kama maabara ya tiba, uuguzi na uhandisi, bodi nayo iulizwe, si chuo pekee. Shahada isiyotambuliwa na bodi ni hasara ambayo familia maskini haiwezi kuibeba.

Jambo jingine dogo ambalo watu hulidharau ni deni la taasisi. Anayedaiwa elfu nane hapewi cheti, na bila cheti hakuna udahili. Kama chama chenu kina elfu kumi tu za kumpa kijana, msinunue sanduku na godoro. Lipeni deni, cheti kitoke.

Sasa pesa zenyewe. Ufadhili wa serikali ulioanzishwa mwaka 2023 uliwalenga waliopangiwa vyuo na KUCCPS, shirika la serikali la kuwapangia wanafunzi nafasi, na anayeingia kwa stashahada mara nyingi huhesabiwa kuwa wa kujilipia. Asipange maisha kwa ufadhili ambao hajathibitishiwa. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, aulizie, na laini ya simu na akaunti ya benki viwe kwa jina lake mwenyewe. Kwa yatima anayeomba, kikwazo huwa cheti cha kifo. Mzazi alifia nyumbani kijijini, akazikwa, kifo hakikuandikishwa, na leo mtoto anatakiwa kuthibitisha kwamba hana baba. Uandikishaji wa kuchelewa huanzia kwa naibu wa chifu na huchukua muda, basi uanze wakati wa likizo, si wiki ya mwisho wa kutuma maombi. Na aliyekopa HELB akiwa kwenye stashahada awajulishe kwamba amerudi masomoni, la sivyo deni la kwanza litaanza kudaiwa huku yupo darasani, pamoja na faini.

Harambee nazipenda kwa vigelegele vyake, ila zina ila moja: humaliza pesa zote muhula wa kwanza. Wajomba wanaochanga wagawane mihula. Huyu achukue ule wa Septemba, yule wa Januari. Kalenda ya chuo haijui kwamba miwa hukaa zaidi ya mwaka shambani kabla ya kulipwa, wala kwamba tumbaku ina msimu wake wa kununuliwa. Mzazi anayejua pesa zake zitaingia mwezi gani aende ofisi ya fedha muhula unapoanza, aombe kulipa kwa awamu, apewe makubaliano hayo kwa maandishi. Akingoja wiki ya mitihani, kadi ya mtihani itazuiliwa.

Kuhusu masomo yenyewe, wanaotoka ufundi huwa hodari maabarani. Wanapima na kutitreti vizuri kuliko wenzao waliotoka kidato cha nne. Kinachowaangusha ni hesabu, hasa kalkulasi ndani ya kemia ya nadharia. Miezi ya kungoja udahili isiishie kwenye boda boda pekee. Atafute mwanafunzi aliyetangulia kwenye kozi hiyo hiyo, aazime daftari zake za mwaka wa kwanza, wakae pamoja Jumamosi mbili kwa mwezi. Mkilipa nauli ya huyo mkufunzi, mmefanya zaidi ya wanaotoa hotuba.

Mazoezi ya kazi pia yapo karibu kuliko tunavyodhani. Kiwanda cha sukari cha SONY pale Awendo kina miwa na sukari za kupima. Mbita kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kinachobeba jina la Thomas Odhiambo, aliyeianzisha taasisi hiyo mwaka 1970. Hapo ndipo ilipofanyiwa kazi mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na matete pembeni, inayopambana na kiduha na viwavi wa mabua. Nafasi hazitoshi wote, kwa hiyo barua iandikwe miezi mitatu au minne mbele.

Kama una kijana aliye mwaka wa pili wa stashahada ya sayansi, mpigie simu wiki hii umuulize kama silabasi zake anazo mkononi. Kama hana, mtumie nauli na pesa za fotokopi akazitafute kabla idara haijafungwa.